HUBERT OGUNDE: MZEE ALIYEITOA NGOMA JUKWAANI AKAITIA KATIKA FILAMU

Wengi wetu tumeitazama Sarafina!, ile filamu ya mwaka 1992 inayohusu wanafunzi wa Soweto, tukaimba pamoja nao hata sauti zikakauka. Wachache wanajua kwamba kabla ya kuwa filamu, ulikuwa mchezo wa jukwaani wenye nyimbo na ngoma, uliotungwa na Mbongeni Ngema na kuonyeshwa Johannesburg mwaka 1987. Hata hivyo, Ngema hakuwa wa kwanza barani Afrika kupita njia hiyo. Leo nataka niwasimulie maisha ya marehemu Hubert Ogunde wa Nigeria.

Ogunde alizaliwa mwaka 1916 katika kijiji cha Ososa, karibu na mji wa Ijebu-Ode, katika nchi ya Wayoruba. Alikulia kati ya nyimbo za kanisani na ngoma za wazee wake, na hizo mbili hazikumtoka maishani. Alifundisha shule kwa miaka kadhaa, kisha akajiunga na polisi. Fikiria basi, askari wa serikali ya mkoloni mchana, mtunzi wa nyimbo usiku!

Mwaka 1944 kanisa moja mjini Lagos lilimwomba atunge mchezo wa nyimbo juu ya bustani ya Edeni. Watu walijaa ukumbini. Kumbe Waafrika walikuwa na kiu ya kujiona wenyewe jukwaani! Mwaka uliofuata Ogunde alikuwa na kikundi chake cha kulipwa, akauacha mshahara wa polisi. Ndugu zangu, kuacha kazi ya serikali wakati ule ili ukaimbe si mchezo.

Baada ya hapo taabu zilianza. Mwaka 1945 wafanyakazi wa Nigeria waligoma, naye akautungia mgomo huo mchezo. Wakoloni wakaupiga marufuku mjini Jos. Mnamo Novemba 1949 polisi waliwapiga risasi wachimba makaa ya mawe huko Enugu, wakafa watu 21. Mwaka uliofuata Ogunde aliwatungia mchezo wao pia. Uhuru ulipopatikana mwaka 1960 ungedhani mambo yangekuwa shwari. Wapi! Mwaka 1964 alitunga Yoruba Ronu, mchezo uliowataka Wayoruba wafikiri kuhusu ugomvi wa viongozi wao. Serikali ya Jimbo la Magharibi iliudhika, ikakipiga marufuku kikundi chake jimboni humo hadi mwaka 1966. Yeye, badala ya kunyamaza, akatunga mwingine wa kusema kwamba ukweli ni mchungu.

Sisi wa Afrika Mashariki tunayaelewa hayo. Mwaka 1977 Ngaahika Ndeenda, mchezo wenye nyimbo tele, ulizuiwa kule Kamirithu, na Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini. Mwaka huohuo Byron Kawadwa wa Uganda, mtunzi wa michezo ya nyimbo kwa Kiganda, aliuawa chini ya utawala wa Idi Amin. Nyimbo huwatisha wakubwa kuliko hotuba, maana hotuba husahaulika.

Ogunde na watu wake walisafiri kwa magari mji hadi mji, mapazia na ngoma vikiwa vimefungwa nyuma. Sisi wa Makindu, tunaoona malori ya Mombasa yakilala kando ya barabara kila siku, tunaweza kuipiga picha safari hiyo. Shida kubwa ilikuwa waigizaji wa kike. Mwanamke wa jukwaani alidharauliwa, na akiolewa mume humkataza kuigiza. Ogunde akaamua kuwaoa mwenyewe! Alikuwa na wake zaidi ya kumi, na nyumba yake ikawa ndiyo kikundi chake. Sisemi tumwige.

Sasa nifike kwenye filamu. Mwaka 1976 Ola Balogun alitoa Ajani Ogun, filamu ya Kiyoruba yenye nyimbo, na watu wakaipenda sana. Ogunde akaona dunia inageuka. Mwaka 1979, akiwa na miaka 63, umri ambao wengine wamestaafu zamani, alishirikiana na Balogun kuugeuza mchezo wake Aiye kuwa filamu. Mwenyewe akaigiza Osetura, mganga anayepambana na wachawi. Zikafuata Jaiyesimi mwaka 1980, Aropin N'Tenia, na Ayanmo mwaka 1988. Kijijini kwao Ososa alijenga kijiji kizima cha kupigia filamu.

Kazi hiyo haikuwa rahisi. Jukwaani mtazamaji huitikia wimbo, na mwimbaji akiona watu wamechangamka huurudia, kamera haiitikii. Jukwaani mchawi hutoweka kwa kwenda nyuma ya pazia, nawe unakubali. Katika filamu hutoweka mbele ya macho yako. Ogunde alizitumia hila hizo za kamera, lakini nyimbo, ngoma na maneno mazito ya Kiyoruba hakuyatupa. Wapo wataalamu waliosema filamu zake zilikuwa mchezo wa jukwaani uliowekwa mbele ya kamera. Mimi naona hiyo ndiyo iliyokuwa nguvu yake, kwa sababu watu wake walijitambua humo.

Ogunde alifariki London tarehe 4 Aprili 1990. Kazi yake ya mwisho ilikuwa kuigiza katika Mister Johnson, filamu iliyopigwa kwao Nigeria.

Wanachama wenzangu, siku hizi tamasha za shule nchini zina michezo ya kuigiza na filamu pia. Wapo wanaosema tuachane na jukwaa kwa vile simu ya mkononi inapiga picha. Mimi nasema hapana. Ogunde alikaa jukwaani miaka 35 kabla ya kuigusa kamera, na alipoigusa alikuwa na kitu cha kuionyesha. Tujifunze kwanza kuimba kilumi cha nyanya zetu hadi ukumbi uitikie. Hapo ndipo tuwashe kamera. Mwacha mila ni mtumwa.