Nabii Hosea: Mume Aliyemrudia Mke Wake



Tukisikia neno nabii, wengi wetu humfikiria mzee mwenye ndevu ndefu anayepaza sauti jangwani. Ni mara chache tunamfikiria mtu mwenye mke, watoto wanaolia usiku na majirani wanaonong'ona. Mwezi huu tutazame maisha ya nabii wa namna hiyo. Mungu hakumtuma kwanza kwa mfalme wala kwa makuhani. Alimtuma kuoa.

Hosea mwana wa Beeri aliishi katika karne ya 8 kabla ya Kristo, katika ufalme wa kaskazini ulioitwa Israeli. Mji wake mkuu ulikuwa Samaria. Alianza kazi yake wakati wa Mfalme Yeroboamu wa Pili, aliyetawala miaka 41. Siku hizo nchi ilikuwa na mali nyingi, lakini ndani nyumba ilikuwa imeoza. Watu walimtolea Mungu sadaka, kisha wakaenda kwa Baali, mungu wa Wakanaani, wakidhani ndiye anayewapa mvua, nafaka, divai na mafuta. Walikula mkate wa mume mmoja na kumshukuru mwingine.

Ndipo Mungu akamwagiza Hosea aoe mwanamke asiye mwaminifu, ili maisha yake yawe mahubiri kwa taifa lisilo aminifu. Biblia haituambii kwamba Hosea alibishana. Alikwenda akamwoa Gomeri, binti Diblaimu.

Walipata watoto watatu. Wa kwanza aliitwa Yezreeli, jina la bonde ambako Yehu alimwaga damu ya jamaa ya Mfalme Ahabu. Wa pili, msichana, aliitwa Lo-ruhama, maana yake Asiyehurumiwa. Alipoachishwa ziwa, akazaliwa mvulana aliyeitwa Lo-ami, maana yake Si Watu Wangu. Kuna neno dogo la kuangalia hapa. Kuhusu mtoto wa kwanza imeandikwa kwamba Gomeri alimzalia Hosea. Kwa wale wawili wengine neno hilo halipo. Baadhi ya wafafanuzi wa Maandiko wameona hapo shaka ya mume juu ya watoto aliowalea.

Hebu fikiri mama akimwita binti yake jioni arudi nyumbani, na kila jirani asikie jina lile. Majina hayo yalikuwa ujumbe kwa taifa zima. Hata hivyo yatukumbushe jambo moja la nyumbani: baba na mama wakikosana, watoto ndio hutembea na jeraha mbele za watu.

Baadaye tunamkuta mke akiwa kwa mwanamume mwingine. Katika sheria ya Musa, uzinzi uliweza kuadhibiwa kwa kifo, na mume aliweza kumpa mke talaka. Nani angemlaumu Hosea kama angefunga mlango? Lakini Mungu alimwagiza tena, na agizo la pili lilikuwa gumu kuliko la kwanza: aende ampende mwanamke anayependwa na mwingine. Sura ya tatu haitaji jina la mwanamke huyo, lakini wafafanuzi wengi wanakubali kwamba ni Gomeri.

Hosea alimkomboa kwa shekeli 15 za fedha pamoja na shayiri. Katika kitabu cha Kutoka, fidia ya mtumwa aliyeuawa na ng'ombe ni shekeli 30. Basi fedha aliyotoa Hosea ilikuwa nusu ya hiyo, na iliyobaki akatoa kwa nafaka. Mume alisimama mbele za watu akimlipia mke wake mwenyewe! Hapo ndipo utii wake ulipomgharimu aibu, fedha na chakula cha nyumba.

Tuangalie sasa alivyofanya baada ya kumrudisha. Hakujifanya kama kwamba hakuna lililotokea. Aliweka muda mrefu wa kungoja: mke asiende kwa mwanamume yeyote, na Hosea naye akajizuia vivyo hivyo kwa upande wake. Alimpokea, lakini akaupa moyo nafasi ya kupona. Kusamehe kwake hakukuwa kuficha dhambi.

Kuna waume wanaopenda kisa hiki kwa sababu mwenye kosa ni mwanamke. Ndugu zangu, someni mpaka sura ya nne. Huko nabii anafundisha kwamba Mungu hatawaadhibu mabinti na wake kwa uzinzi wao, kwa kuwa wanaume wenyewe ndio wanaokwenda na makahaba. Hosea hakuwa na mizani miwili, mmoja wa mke na mwingine wa mume.

Tena kuna fundisho lililofichika katika lugha. Neno baali kwa Kiebrania lina maana ya bwana mwenye mali, na mwanamke aliweza kulitumia kwa mumewe, kama sisi tunavyosema bwana wangu. Hosea alitabiri siku ambayo taifa halitamwita Mungu kwa neno hilo tena, bali litamwita mume wangu. Mungu mwenyewe hataki kuogopwa kama mwenye mali tu, anataka kupendwa. Je, mume wa duniani adai zaidi ya hapo?

Taifa halikumsikiliza nabii. Baada ya Yeroboamu walifuata wafalme sita, na wanne kati yao waliuawa na watu wao wenyewe waliotaka kiti. Karibu mwaka 722 kabla ya Kristo, Samaria ilianguka mikononi mwa Waashuru. Lakini maneno ya Hosea, sura 14, yalihifadhiwa. Ndani yake majina ya watoto yanageuzwa: asiyehurumiwa anahurumiwa, na wasio watu wake wanakuwa watu wake. Katika Injili ya Mathayo, Bwana wetu Yesu anatumia mara mbili fundisho la Hosea kwamba Mungu anataka huruma kuliko sadaka.

Je, sisi tufanye nini? Kanisa halimlazimishi aliyekosewa kubeba lisilobebeka. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, katika kanuni ya 1152, inamsihi sana mwenye ndoa asiye na kosa asimnyime msamaha mwenzake, lakini inatambua haki yake ya kutengana naye kwa sababu ya uzinzi. Kanuni ya 1153 inaruhusu kutengana pale ambapo mmoja anahatarisha roho au mwili wa mwenzake. Anayepigwa nyumbani asiambiwe avumilie tu kwa jina la Hosea.

Mkiamua kurudiana, fanyeni kama Hosea: msiharakishe. Mwoneni padre, na pokeeni kitubio. Nendeni pamoja mkapimwe virusi vya Ukimwi kabla ya kurudi kitanda kimoja. Msiwatume watoto kubeba maneno kati yenu. Na aliyesamehe asilifanye kosa lile kuwa fimbo ya kila ugomvi. Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Jioni moja wiki hii, watoto wakisha kulala, someni pamoja sura tatu za kwanza za Hosea. Kisha kila mmoja amjibu mwenzake: Ni jambo gani ulilonisamehe ambalo sijakushukuru? Na ni jambo gani nililosema nimelisamehe, kumbe bado nalihesabu?

Mungu aliyemrudia Israeli azibariki ndoa zenu.