Fisher: Bingwa wa takwimu na vikombe vinane vya chai

Ukitengeneza chai, unatanguliza maziwa au chai? Sisi tunaochemsha vyote kwenye sufuria moja hatuna ugomvi huo. Lakini Uingereza, miaka ya 1920, inasimuliwa kuwa mama mmoja mtafiti alishikilia kwamba akionja tu anajua kilichotangulia kikombeni. Mwenzake kazini, Ronald Fisher, akasema haya, tujaribu: vikombe 8, vinne maziwa kwanza, vinne chai kwanza. Ukibahatisha, una nafasi 1 kati ya 70 ya kuvipata vyote.

Umeona ujanja wake? Chukulia mama hajui kitu, kisha uliza matokeo hayo yangetokea kwa bahati mara ngapi. Yakiwa adimu mno, unaanza kushuku kwamba kweli anajua. Ulivyomdhania kabla ya kuonja hakuingii kwenye hesabu.

Kulikuwa na njia nyingine, ya mchungaji Thomas Bayes aliyefariki 1761: anza na unachoamini tayari, halafu ukirekebishe kila ushahidi mpya unapoingia. Fisher hakutaka hata kuisikia. Katika kitabu chake cha 1925 aliikataa kabisa. Kwake, sayansi haiwezi kuanzia kwenye maoni ya mtu.

Jamaa huyu alizaliwa London 1890, macho mabovu, hadi akazoea kupiga hesabu kichwani bila karatasi. Jeshi lilimkataa kwa sababu hiyo. Kuanzia 1919 alifanya kazi Rothamsted, kituo cha utafiti wa kilimo, akafundisha watu kugawa vipande vya shamba kwa kura kabla ya kulinganisha mbolea. Leo dawa mpya hujaribiwa vivyo hivyo.

Sasa sikia. Watafiti walipohusisha sigara na saratani ya mapafu miaka ya 1950, Fisher alipinga. Huenda, alidai, ni jeni zinazomfanya mtu apende sigara na pia augue. Alikuwa mvutaji wa kiko, tena mshauri wa kulipwa wa watengenezaji wa tumbaku. Maoni yake hayo aliyaweka wapi?

Marekani nako, Jerome Cornfield alikuwa ametumia kanuni ya Bayes tangu 1951. Hospitali zilijua wagonjwa wangapi walivuta. Yeye akaigeuza hesabu, akakadiria hatari ya mvutaji kuugua.

Fisher alifariki Adelaide, Australia, 1962. Miaka miwili baadaye, ripoti ya daktari mkuu wa serikali ya Marekani ikasema wazi: sigara husababisha saratani ya mapafu kwa wanaume.