Mwanafunzi wa Dublin: Maisha ya William Sealy Gosset (1876–1937)

Kila aliyewahi kupitia somo la utangulizi wa takwimu chuoni amekutana na kipimo cha t, na wengi wamekitumia katika tasnifu zao pasipo kujua kilikotoka. Vitabu vya Kiingereza hukiita kipimo cha Student, na wapo wanaodhani kwamba jina hilo lina maana ya kuwa kipimo chenyewe ni cha wanafunzi, yaani chepesi, cha kujifunzia tu. Sivyo hata kidogo. Student, yaani Mwanafunzi, ilikuwa lakabu ya mtu mzima mwenye mke na watoto, mtaalamu wa kutengeneza bia katika jiji la Dublin, ambaye kwa takriban miaka 30 alijificha nyuma ya neno hilo katika majarida ya kisayansi. Jina lake halisi ni William Sealy Gosset.

Gosset alizaliwa tarehe 13 Juni 1876 mjini Canterbury, kusini-mashariki mwa Uingereza, akiwa kifungua mimba wa Kanali Frederic Gosset na mkewe Agnes Sealy Vidal. Baba alikuwa mhandisi wa jeshi, na kijana alinuia kuifuata njia hiyo hiyo, ila macho yake dhaifu yakamzuia. Alisoma katika shule ya Winchester, kisha New College, Oxford, alikopata daraja la kwanza katika hisabati mwaka 1897 na daraja la kwanza tena katika kemia mwaka 1899. Mwezi Oktoba mwaka huo aliajiriwa na kampuni ya Guinness mjini Dublin, ambayo wakati huo ilikuwa ikiwachukua vijana wa sayansi kutoka vyuo vikuu ili iuweke utengenezaji wa bia katika misingi ya kisayansi badala ya kutegemea ulimi na uzoefu wa wazee wa kazi peke yake.

Huko ndiko alikokutana na tatizo lililomshughulisha maisha yake yote. Kiwanda kilinunua shayiri na hopsi, ua lile linaloipa bia uchungu wake, kwa wingi mno. Ubora wa mzigo mzima ulihukumiwa kwa kupima vifungu vichache. Aina mpya ya shayiri ilijaribiwa katika mashamba machache, tena kwa misimu michache, kwa kuwa mvua haiamrishwi na kila jaribio lilikuwa na gharama yake. Wanahisabati wa zama hizo walikuwa na kanuni nzuri za kukadiria wastani, lakini kanuni hizo zilikuwa za mtu aliyekusanya mamia au maelfu ya vipimo. Gosset alikuwa na vinne, pengine kumi.

Ugumu huo hauhitaji kiwanda ili uonekane. Mfugaji wa Chebunyo, huko Chepalungu katika Kaunti ya Bomet, ambako miinuko ya majani chai huteremka na kuwaachia nafasi mahindi na ng'ombe, anaukabili kila anapoletewa chakula kipya cha mifugo. Tuseme ana ng'ombe wanne. Anawalisha chakula hicho, na maziwa yao yanaongezeka kwa lita 0.2, 0.4, 1.0 na 1.6 kwa siku. Wastani wa nyongeza ni lita 0.8. Je, ni chakula kilichofanya kazi, au ni bahati tu ya wiki ile? Mwanatakwimu huanza kwa kujifanya mkaidi. Anachukulia kwamba chakula hakina athari yoyote, kwamba wastani wa kweli wa nyongeza, kama wangelishwa ng'ombe wote wa namna ile, ni sufuri. Kisha anauliza ni mara ngapi bahati peke yake ingeweza kuleta wastani ulio mbali na sufuri kiasi hicho. Ili kujibu, anaugawanya wastani wa 0.8 kwa kosa sanifu la wastani, yaani mchepuko sanifu wa zile namba nne ukigawanywa kwa kipeuo cha pili cha nne. Hapa kosa sanifu ni kama 0.32, na jibu ni takriban 2.53.

Kwa mkunjo wa kawaida, ule wenye umbo la kengele ambao ndio pekee uliotumiwa kabla ya Gosset, jibu la 2.53 ni kubwa: bahati huleta tofauti ya namna hiyo takriban mara 1 katika 90. Mfugaji angekimbilia dukani. Lakini kuna ila iliyojificha humo. Mchepuko sanifu umekadiriwa kutokana na ng'ombe wale wale wanne, na makadirio yanayotokana na namba nne huyumba; huenda ng'ombe hao kwa bahati wamekaribiana kuliko kawaida, na kosa likaonekana dogo kuliko lilivyo. Ukiuhesabu na wasiwasi huo, uwezekano wa bahati hugeuka kuwa takriban mara 1 katika 12. Ndiyo maana, kwa kigezo kilichozoeleka cha mara 1 katika 20, aliye na vipimo vingi huridhika akivuka 1.96, aliye na vipimo kumi hana budi kuvuka 2.26, na aliye na vinne pekee lazima afike 3.18. Mwenye kichache hutakiwa ushahidi mzito zaidi. Hilo ndilo Gosset alilogundua, na ndilo aliloliwekea majedwali.

Safari ya kulifikia ilianzia kwenye ripoti ya ndani ya kiwanda mwaka 1904, aliyowaeleza wakuu wake manufaa ya nadharia ya makosa katika kazi yao. Mwezi Julai mwaka uliofuata alikwenda kumwona Karl Pearson, gwiji wa takwimu wa wakati huo, aliyekuwa mapumzikoni mashambani. Januari 1906 alimwoa Marjory Surtees Phillpotts, na baadaye mwaka huo akapewa ruhusa na mwajiri wake kwenda kusoma London katika maabara ya Pearson. Makala yake ya kwanza, ya mwaka 1907, ilihusu makosa katika kuhesabu seli za chachu chini ya darubini. Ya pili, iliyotoka mwezi Machi 1908 katika jarida la Biometrika, ndiyo hiyo iliyoubadili mwenendo wa taaluma.

Yafaa kuitazama alivyoithibitisha hoja yake, kwa kuwa hisabati yake ilikuwa na pengo na mwenyewe hakulificha. Alichukua vipimo vya urefu na vya kidole cha kati cha mkono wa kushoto vya wahalifu 3,000, vilivyokuwa vimekwisha kuchapishwa na mtafiti mwingine, akaviandika kwenye kadi 3,000, akazichanganya barabara, kisha akazigawanya katika mafungu ya nne nne. Akapata sampuli 750, na kwa kila moja akakokotoa wastani na mchepuko wake. Halafu akalinganisha mgawanyo wa majibu hayo na mkunjo alioupata kwa kukisia sehemu na kuthibitisha sehemu. Vikaafikiana vizuri. Siku hizi kompyuta huifanya kazi hiyo kwa kufumba na kufumbua. Yeye aliifanya kwa mkono.

Mfano wake mashuhuri katika makala hayo ulitoka hospitalini. Wagonjwa 10 walipewa dawa mbili za usingizi kwa zamu, na muda waliolala ukapimwa. Dawa ya kwanza iliongeza usingizi kwa wastani wa saa 0.75, na ya pili kwa saa 2.33. Kwa ile ya kwanza, Gosset alikadiria kwamba uwezekano wa kuwa inaongeza usingizi ni kama 8 kwa 1, jambo la kutia moyo lakini si la kuapia. Alipozitazama tofauti baina ya dawa mbili kwa kila mgonjwa, ambazo wastani wake ni saa 1.58, alipata 666 kwa 1. Mkunjo wa zamani ungalidai takriban 40,000 kwa 1. Hitimisho ni lile lile, ila moja limesemwa kwa kiasi na jingine kwa majisifu. Aliyakosea majina ya dawa zenyewe, kosa lililonakiliwa vitabuni kwa miaka mingi, ingawa hesabu ilibaki sahihi.

Kuhusu lakabu, sababu ilikuwa biashara. Guinness haikutaka washindani wake wajue kwamba takwimu zinaifaidi, na iliruhusu uchapishaji kwa masharti ya kwamba bia isitajwe wala jina la mwandishi lisitokee. Wasomaji wa ushairi wa Kiswahili wa magazetini hawawezi kuistaajabia lakabu. Tofauti ni kwamba mshairi wetu huichagua ili ajitambulishe, mara nyingi kwa majivuno. Gosset alivikwa ya kumficha, tena ya unyenyekevu, na kwa mujibu wa walioacha kumbukumbu zake ilimkaa vyema. Wataalamu wenzake walimfahamu. Alipatana na Pearson, akapatana pia na Ronald Fisher, watu wawili ambao wao kwa wao hawakuweza kupatana.

Fisher alimwandikia mara ya kwanza mwaka 1912, akiwa bado mwanafunzi wa Cambridge, akimpelekea uthibitisho kamili wa lile alilokuwa amelikisia. Gosset hakuweza kuifuata jiometria yake, akaupitisha kwa Pearson. Kwa zaidi ya miaka 10 makala ya 1908 hayakushughulikiwa sana. Pearson na wafuasi wake walifanya kazi kwa sampuli kubwa na hawakuona haja ya zile ndogo. Mwaka 1922 Gosset alimtumia Fisher nakala ya majedwali yake, akatania kwamba pengine yeye ndiye mtu pekee duniani atakayeyatumia. Fisher ndiye aliyeipanua kazi hiyo, akakibadili kipimo kutoka z ya awali hadi t, na katika kitabu chake cha mwaka 1925 akaieneza kwa watafiti wa kilimo na biolojia, pamoja na desturi ya kukata shauri kwenye asilimia 5.

Desturi hiyo haikuwa ya Gosset, na hapa mfasiri wa Kiswahili ana la kujihadhari nalo. Tofauti iliyokipita kipimo hiki huitwa kwa Kiingereza kwa neno ambalo wepesi hutushawishi tulifasiri kuwa umuhimu. Gosset asingaliridhia. Tangu mwaka 1905, katika barua yake kwa Pearson, alishikilia kwamba kiwango cha uhakika kinachotakiwa hutegemea faida itakayopatikana kwa kuyafuata matokeo, ikilinganishwa na gharama ya njia mpya na gharama ya kila jaribio. Mfugaji wa Chebunyo anaweza kuhakikishiwa pasi na shaka kwamba chakula kinaongeza lita 0.1, na bado akala hasara, kwa kuwa bei ya gunia haifidiwi na lita 0.1. Anaweza pia kubaki na shaka ya 1 katika 12 na bado ikamfaa kukijaribu msimu mmoja zaidi, kama ni cha bei nafuu. Kwamba tofauti ipo ni jambo moja. Kwamba inafaa kitu ni jingine, na kipimo cha t hulijibu la kwanza tu. Neno kama ubainifu lingemfaa mfasiri kuliko umuhimu.

Maziwa yaliingia katika maisha yake kwa njia nyingine. Mwaka 1930, katika eneo la Lanarkshire nchini Scotland, watoto wa shule 20,000 walishirikishwa katika jaribio la miezi minne: 10,000 walipewa maziwa kila siku, nusu yao mabichi na nusu yaliyochemshwa kwa kiasi ili kuua vijidudu, na 10,000 hawakupewa. Kwa idadi kama hiyo, kipimo chochote kingetoa jibu la kishindo. Katika makala ya mwaka 1931, Gosset alionyesha udhaifu uliokuwamo. Walimu waliruhusiwa kubadilisha watoto pale makundi yalipoonekana kutolingana, na kwa huruma, bila shaka, wakawapeleka wengi wa maskini na waliokonda upande wa maziwa. Wasiopewa walikuwa wazito na warefu zaidi tangu siku ya kwanza. Aidha, watoto walipimwa wakiwa na nguo zao, za baridi mwezi Februari na nyepesi mwezi Juni, na maskini hana koti zito la kuvua. Gosset alipendekeza badala yake jozi 50 za mapacha wa kufanana, mmoja akinywa na mwenzake asinywe. Jaribio kama hilo, kwa maoni yake, lingeaminika zaidi na kwa gharama ndogo mno. Mtu aliyejulikana kwa sampuli ndogo alikuwa akiwaambia wenye sampuli kubwa kwamba wingi hausafishi uteuzi mbaya. Kizazi cha Wakenya kilichokunywa maziwa ya Nyayo shuleni kuanzia mwaka 1979 kitaelewa kwa nini mwalimu hakuweza kumnyima mtoto mwenye njaa.

Alipenda kuvua samaki, kutunza bustani na kuunda mashua. Mwaka 1935 aliondoka Dublin kwenda kusimamia kiwanda kipya cha Guinness kilichojengwa Park Royal, London. Miaka yake ya mwisho ilitiwa dosari na mabishano na Fisher kuhusu mpangilio wa mashamba ya majaribio: Fisher alitaka vipande vya ardhi vigawiwe kwa bahati nasibu, ilhali Gosset, aliyezijua shayiri kwa kuzitembelea shambani, aliona kwamba rutuba haibadiliki ovyo, na kwamba kuvipanga vipande kwa ulinganifu hutoa jibu sahihi zaidi. Wengi wa wanatakwimu walikwenda na Fisher, ingawa hoja ya Gosset haijawahi kukosa watetezi.

Miezi michache baada ya kupandishwa cheo kuwa mkuu wa watengenezaji bia wote wa kampuni, moyo ulimsimama. Alifariki tarehe 16 Oktoba 1937 huko Beaconsfield, akiwa na umri wa miaka 61. Makala zake zilikusanywa na Egon Pearson, mwana wa Karl, pamoja na John Wishart, zikatolewa katika kitabu kimoja mwaka 1942. Masharti ya kiwanda hayakuwa na nguvu tena juu ya marehemu, lakini kitabu kilipotoka, jina lililowekwa juu ya jalada lilikuwa bado ni Student.