HAILE SELASSIE: MFALME ALIYEWAFUNGULIA VIJANA ANGA

Sisi wa shule za kutwa miguu ndiyo basi letu. Asubuhi nikiwa njiani, ndege ikipita juu huwa nasimama kidogo niitazame. Swali langu ni moja tu: anayeiendesha alifunzwa wapi? Swali hilo ndilo lililonipeleka kwa Mfalme Haile Selassie wa Ethiopia, ambaye Nairobi kuna barabara kubwa yenye jina lake.

Alizaliwa tarehe 23 Julai 1892 karibu na mji wa Harar, akaitwa Tafari. Baba yake, Ras Makonnen, alifariki mwaka 1906 kijana akiwa bado mdogo. Tafari alipanda cheo hadi akavikwa taji tarehe 2 Novemba 1930. Mwaka mmoja kabla ya hapo, 1929, ndege ya kwanza ilikuwa imetua Addis Ababa, na yeye alizipenda ndege sana.

Lakini kupenda si kuwa nacho. Mwaka 1935 Waitaliano waliivamia nchi yake. Walikuja na mamia ya ndege, wakamwaga mabomu na hewa ya sumu. Ethiopia ilikuwa na ndege za kuhesabika, na marubani wachache mno. Mwaka 1936 mfalme alikimbilia Uingereza, akaishi uhamishoni mjini Bath. Alirudi Addis Ababa tarehe 5 Mei 1941.

Naam, aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mfalme alijua sasa kwamba asiye na wataalamu wake hana chake. Mwaka 1944 John Robinson, rubani Mmarekani mweusi aliyemtumikia wakati wa vita, alirudi kuwafunza vijana. Mwaka 1945 shirika la ndege la Ethiopia likaundwa likisaidiwa na kampuni ya Kimarekani, TWA, na tarehe 8 Aprili 1946 likaanza safari ya kwenda Cairo. Mwanzoni marubani walikuwa wageni. Haba na haba hujaza kibaba: mwaka 1957 Alemayehu Abebe akawa rubani mkuu wa kwanza Mwethiopia. Siku hizi chuo cha shirika hilo ni chuo kikuu, na vijana wa nchi nyingi za Afrika huenda kusomea huko urubani na ufundi wa ndege.

Aidha, mwaka 1950 alifungua chuo cha elimu ya juu Addis Ababa. Vijana wa nchi nyingine za Afrika walipewa ufadhili wakasome huko. Hata Dakta Robert Ouko, aliyekuja kuwa waziri wetu wa mambo ya nje, alipata shahada yake Addis Ababa.

Sasa, msomaji, hapa ndipo mambo yalipogeuka. Desemba 1960, mfalme akiwa safarini Brazil, walinzi wake walijaribu kumpindua, na wanafunzi wa chuo chake mwenyewe wakaandamana kuwaunga mkono. Je, alikifunga chuo? La! Mwaka 1961 alilitoa jumba lake la kifalme liwe chuo kikuu. Hata hivyo, wanafunzi hawakunyamaza. Mwaka 1965 waliandamana wakitaka ardhi wapewe wanaoilima. Njaa ilipoua watu wengi sana kule Wollo mwaka 1973, serikali ilificha, nao wasomi wakafichua.

Tarehe 12 Septemba 1974 wanajeshi walimwondoa. Yule aliyeleta ndege alitolewa ikuluni kwa kigari kidogo cha Volkswagen. Alifia kizuizini tarehe 27 Agosti 1975, na mwaka 2000 ndipo alipozikwa kwa heshima.

Wengine husema wanafunzi wale hawakuwa na shukrani. Mimi naona hapana. Ukimfunza mtu kusoma, atasoma hata makosa yako. Mfalme aliwapa vijana mabawa, kisha akashangaa walipoiona njaa kutoka juu. Tumsifu kwa shule alizojenga, lakini tusiwasahau waliokufa njaa Wollo.