Karoli Lwanga: Kijana Aliyebaki na Wadogo Zake



Kila mwaka tarehe 3 Juni, nchi hii ya Uganda inafunga ofisi na shule kwa ajili ya siku ya Mashahidi. Watu wengi huenda Namugongo, karibu na Kampala. Wengine hutembea kwa miguu siku nyingi, na wako wanaotoka Kenya, Tanzania, Rwanda na Kongo. Katika makambi yetu pia vijana Wakatoliki huimba sifa za Karoli Lwanga na Kizito, na watoto wengi wameitwa kwa majina hayo. Katika familia zetu nyingi baba anasali huku na mama anasali kule, na mtoto akiuliza huyu Lwanga alikuwa nani, inafaa tuwe na jibu. Ndiyo maana mwezi huu tunasimulia maisha yake. Hata sisi ambao hatuwaombi watakatifu tunaamuriwa na Waraka kwa Waebrania kukumbuka watu wa imani waliotutangulia.

KIJANA WA BUDDU

Lwanga alizaliwa karibu na mwaka 1860 katika ufalme wa Buganda. Alikulia Buddu, upande ambao leo mji wake mkubwa ni Masaka. Hakuwa mtoto wa mfalme wala wa mtu mkubwa. Kama vijana wengi wa wakati ule, alitoka nyumbani akaenda kumtumikia chifu, huko Ssingo. Alikuwa na nguvu za mwili na bidii ya kazi. Mwaka 1884 Kabaka Mutesa alikufa, na mwanawe Mwanga, aliyekuwa kijana bado, akakaa kwenye kiti cha ufalme. Mwaka huo Lwanga aliingia kasrini kuwa mtumishi wa mfalme mpya.

Kasri ya Kabaka ilikuwa kama mji. Vijana mamia walilelewa humo kwa kutumikia, na kutoka kwao ndipo walipochaguliwa machifu wa kesho. Kijana aliyempendeza mfalme aliweza kupanda juu sana. Aliyemchukiza aliweza kufa siku hiyohiyo.

WATU WALIOITWA WASOMAJI

Kabla ya Lwanga kufika, neno la Mungu lilikuwa limekwisha kuingia humo. Wamisionari Waanglikana walifika mwaka 1877, na mwaka 1879 wakafika Mapadre Weupe, Wakatoliki, akiwemo Padre Siméon Lourdel ambaye Waganda walimwita Mapera. Waislamu nao walikuwa wamefundisha huko miaka mingi kabla yao.

Mtu aliyeanza kufuata mafundisho ya dini aliitwa msomaji. Kwa Waganda wa siku zile kusoma na kusali vilikuwa kama jambo moja. Nasi wasemaji wa Kiswahili tuna sehemu katika habari hii, kwa maana lugha yetu ilikuwa imefika kasrini pamoja na wafanyabiashara wa pwani. Wasomaji wengi wa kwanza walijifunzia herufi katika Kiswahili, pamoja na sehemu za Biblia zilizotafsiriwa na askofu Edward Steere huko Zanzibar. Baadaye Alexander Mackay, fundi wa misioni ya Waanglikana, alichapa karatasi za Kiganda kwa mashine yake ndogo. Karatasi moja ilipita mikono mingi. Aliyejua herufi kumi alimfundisha asiyejua hata moja.

Kwa upande wa Wakatoliki, Kardinali Lavigerie aliagiza mtu afundishwe miaka minne ndipo abatizwe. Ilikuwa njia ndefu, lakini aliyeimaliza alijua anachokiamini.

WALIMU WALIPOONDOKA

Mwezi wa Novemba 1882 Mapadre Weupe waliona hatari imezidi. Walifunga mizigo wakavuka ziwa, wakaenda kukaa Bukumbi, upande wa Mwanza katika Tanzania ya leo. Hawakurudi mpaka Julai 1885. Karibu miaka mitatu Wakatoliki wa Buganda walikaa bila padre na bila misa. Mtu wa nje angedhani kazi ile imekwisha.

Haikuisha. Vijana wenyewe waliishika. Yosefu Mukasa Balikuddembe, mtumishi wa karibu wa mfalme, aliwakusanya wenzake kasrini akawafundisha sala na amri za Mungu. Wengine walifanya vivyo hivyo nyumbani kwao na katika vijiji vya machifu. Lwanga naye ni tunda la wakati huo: huko Ssingo na baadaye kasrini, aliipokea imani kwa kufundishwa na Waganda wenzake. Mapadre waliporudi waliwakuta waumini wengi kuliko wale waliowaacha.

Ndugu msomaji, tafadhali ushike jambo hilo. Kanisa lile lilikua wakati halina mchungaji.

MLEZI WA VIJANA

Mwanga alitawala akiwa na hofu. Alisikia Wazungu wanachukua nchi za pwani, na wazee walimwambia adui ataingia kutoka mashariki. Tarehe 31 Januari 1885 vijana watatu Waanglikana, Makko Kakumba, Yusufu Lugalama na Nuwa Serwanga, waliuawa kwa moto. Tarehe 29 Oktoba mwaka huohuo askofu Mwanglikana James Hannington aliuawa huko Busoga kwa amri ya Mwanga.

Yosefu Mukasa alimkemea mfalme kwa kumwua mtu asiye na hatia. Kulikuwa na neno la pili pia. Mwanga aliwataka vijana wa kasri kwa matendo machafu, na Yosefu aliwafundisha kukataa na kuwaondoa wadogo njiani mwa mfalme. Kwa hayo mawili aliuawa tarehe 15 Novemba 1885. Kabla ya kufa alituma habari kwa Kabaka kwamba amemsamehe, ila atubu.

Siku hiyohiyo Lwanga alikwenda kwa mapadre akabatizwa, akapewa jina la Karoli. Wengine wangeona hiyo ndiyo siku ya kujificha. Yeye aliona pengo limebaki na watoto hawana mtu. Akachukua kazi ya Yosefu: kuwafundisha vijana wa kasri, kuwatia moyo, na kuwalinda na tamaa ya mfalme. Alipoona hatari, alimpa mtoto kazi ya mahali pengine au alimficha. Alijua mfalme anaona, na alijua mwisho wake unaweza kuwa nini. Hakuacha.

USIKU WA MUNYONYO

Mei 1886 Kabaka alikuwa Munyonyo, kando ya ziwa. Tarehe 25 alirudi kutoka kuwinda akakuta watumishi hawapo. Akagundua kwamba Denis Ssebuggwawo alikuwa akimfundisha dini mtoto wa waziri mkuu. Mwanga alimjeruhi kwa mkono wake mwenyewe, na Denis akauawa. Milango ya kasri ikafungwa.

Usiku ule vijana walijua kwamba asubuhi wataitwa. Baadhi yao walikuwa hawajabatizwa bado. Padre hakuweza kuingia. Lwanga, mtu asiye na upadre wala shule ya dini, aliwabatiza yeye mwenyewe, wakiwemo Kizito, Mbaga Tuzinde, Gyavira na Mugagga. Kizito alikuwa na umri wa miaka 14 hivi. Inasimuliwa kwamba mtoto huyo aliogopa, na Lwanga akamwahidi kwamba wakiitwa watashikana mikono watoke pamoja.

Asubuhi mfalme aliamuru wanaosali wajitenge na wasiosali. Lwanga alitangulia, na wengine wakamfuata, Wakatoliki na Waanglikana. Wakafungwa kamba wakapelekwa kwa miguu Namugongo, mahali pa kuulia watu. Wengine waliuawa njiani.

NAMUGONGO

Walikaa kifungoni siku kadhaa huku kuni zikikusanywa. Mbaga Tuzinde alikuwa amelelewa na Mukajanga, mkuu wa wauaji, kama mwanawe. Ndugu zake walimsihi akane au ajifiche, akakataa. Mwishoni Mukajanga aliagiza apigwe afe kwanza, asiungue akiwa hai. Hata mwuaji alikuwa na moyo wa mzazi.

Tarehe 3 Juni 1886, siku ya Kupaa Bwana, walifungwa katika mikeka ya matete wakalazwa juu ya kuni. Lwanga alitengwa na wenzake akachomwa peke yake, polepole, kuanzia miguuni. Mwenye kazi hiyo hakupata kwake neno la laana. Alikufa akiliita jina la Mungu.

Wakatoliki waliochomwa siku hiyo walikuwa 13, pamoja naye. Waanglikana walikufa katika moto uleule. Kwa jumla tangu 1885 mpaka Januari 1887 wanahesabiwa mashahidi 45: Wakatoliki 22 na Waanglikana 23. Vijana watatu, Simeoni Sebuta, Denis Kamyuka na Karoli Werabe, waliachiwa palepale Namugongo. Hao ndio waliobaki kusimulia, na bila wao tusingejua mengi ya haya.

YALIYOFUATA

Mwaka 1888 Mwanga alipinduliwa. Yule aliyewachoma vijana akawa mkimbizi. Alivuka ziwa, na waliompokea ni mapadre wa Bukumbi, wa kanisa lilelile alilolitesa. Wakristo nao walifukuzwa, wakakimbilia Ankole, katika nchi ambayo leo ina makambi ya Nakivale na Oruchinga. Baadaye Wakristo hao walimsaidia Mwanga kurudi kwenye kiti chake. Mwishowe Waingereza walimpeleka uhamishoni visiwa vya Seychelles. Huko alibatizwa, akaitwa Danieli, akafa mwaka 1903.

Lakini tuseme kweli yote. Tarehe 24 Januari 1892, miaka sita tu baada ya Namugongo, Wakatoliki na Waprotestanti walipigana vita huko Mengo. Wengi waliopigana walikuwa wamesoma pamoja katika kasri moja, na ndugu zao walikuwa wamekufa katika moto mmoja. Wakatoliki walioshindwa wakakimbilia Buddu, kwao Lwanga. Sisi tuliotoka kwenye vita tunajua jinsi jambo la namna hiyo linavyoanza: kwa cheo na ardhi, kisha jina la Mungu linabandikwa juu yake.

Kanisa Katoliki lilimtangaza Lwanga na wenzake kuwa wenye heri mwaka 1920, na mwaka 1934 akawekwa kuwa msimamizi wa vijana Wakatoliki wa Afrika. Tarehe 18 Oktoba 1964 Papa Paulo VI aliwatangaza wote 22 kuwa watakatifu, na siku hiyo aliwakumbuka pia Waanglikana waliokufa pamoja nao. Mwaka 2015 Papa Fransisko alisali katika mahali pote pawili pa Namugongo, pa Waanglikana na pa Wakatoliki.

TUJIFUNZE NINI

Kwanza, ninyi vijana. Msingoje mchungaji awafikie ndipo msome. Wengi wenu mmekosa shule kwa sababu ya safari na umaskini, lakini yuko kati yenu anayejua kusoma. Akae na wawili wasiojua chini ya mti, na Biblia moja. Buganda ilianza hivyo. Na ninyi mnaowapenda watakatifu, msiishie kuimba majina yao. Jueni walifanya nini.

Pili, wazazi na wazee. Mambo aliyoyapinga Lwanga hayakuisha mwaka 1886. Mpaka leo kuna watu wenye cheo, chakula au karatasi mkononi wanaodai mwili wa binti au wa kijana. Lwanga hakuwaambia watoto wavumilie wala wanyamaze kwa heshima ya mkubwa. Aliwaficha, akasimama mbele yao. Mtoto akikuletea habari ya namna hiyo, umsikilize, usimpige wala usimwaibishe. Mpeleke kwa wanaohusika na ulinzi wa watoto, na kanisa lisimame pamoja naye, hata kama anayeshtakiwa ni mtu wetu.

Tatu, wale wanaoumia moyo kwa sababu walikimbia na wenzao wakafa. Kukimbia si kukana. Bwana mwenyewe, katika Mathayo sura ya 10, aliwaruhusu wanafunzi wake kutoka mji mmoja wakimbilie mwingine. Kamyuka na wenzake waliishi, na kuishi kwao kukawa ushuhuda. Nawe umebaki ili usimulie, na ili uwalee waliobaki.

Nne, jirani zetu Wakatoliki na sisi. Munyonyo hawakuulizwa wewe ni wa kanisa lipi, waliulizwa kama wanasali. Basi katika kambi hii, kwenye foleni ya maji na ya chakula, katika msiba na katika ugonjwa, tusaidiane kama watu waliofungwa kamba moja.

Jioni moja ya juma hili, someni habari hii nyumbani, kisha kila mtu ajibu: Ni mdogo gani aliye karibu nami asiye na mtu wa kumshika mkono?

Mungu awabariki na kuwalinda ninyi na watoto wenu. Amina.