John von Neumann

John von Neumann (Budapest, Hungaria, 28 Desemba 1903 – Washington, D.C., Marekani, 8 Februari 1957) alikuwa mwanahisabati anayehesabiwa kuwa mwanzilishi mkuu wa nadharia ya michezo. Tawi hilo la hisabati huchunguza uamuzi ulio bora pale ambapo matokeo ya mtu yanategemea pia uamuzi wa wengine.

Maisha

Alizaliwa katika familia ya Kiyahudi, na baba yake alifanya kazi ya benki. Mwaka 1926 alipata stashahada ya uhandisi wa kemia mjini Zürich na shahada ya uzamivu ya hisabati mjini Budapest. Mwaka 1930 alienda kufundisha Princeton, Marekani, akawa raia wa nchi hiyo mwaka 1937. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia alishiriki katika kutengeneza bomu la nyuklia. Mwaka 1945 aliandika ripoti juu ya muundo wa kompyuta ambao hadi leo huitwa kwa jina lake. Alifariki kwa saratani akiwa na umri wa miaka 53.

Poka

Mwaka 1928 alithibitisha kwamba katika mchezo wa watu wawili, ambamo faida ya mmoja ni hasara ya mwingine, kila mchezaji ana mbinu inayomlinda hata mpinzani awe hodari namna gani. Mwaka 1944 alitoa kitabu pamoja na mwanauchumi Oskar Morgenstern, nao wakachambua humo poka iliyorahisishwa. Mwenye karata nzuri huweka dau kubwa. Mwenye karata dhaifu kwa kawaida huweka dogo, lakini mara chache, bila mpangilio unaotambulika, huweka kubwa. Asipofanya hivyo, mpinzani atajua kwamba dau kubwa ni dalili ya karata nzuri, naye atajitoa mapema.

Katika poka ya karata tatu ya kasino hila hiyo haifai kitu, kwa sababu mgawaji hufuata kanuni tu. Mbinu bora ni kuendelea ukiwa na malkia, sita na nne au zaidi, la sivyo kuacha. Hata hivyo kasino hubaki na wastani wa takriban asilimia 3.4 ya dau la kwanza: mbinu bora hupunguza hasara, haiiondoi.

Athari

Mwaka 1973 John Maynard Smith na George Price walitumia nadharia hiyo kueleza ugomvi wa wanyama. Nchini Tanzania, Robert Heinsohn na Craig Packer waliwachezea simba jike wa Serengeti na Ngorongoro sauti za simba wageni zilizorekodiwa. Matokeo yao ya mwaka 1995 yalionyesha kwamba baadhi ya simba hutangulia kulinda eneo kila mara, na wengine hubaki nyuma wakiwaachia wenzao hatari.