Constantine: Maisha ya Kaizari Katika Sarafu za Shaba

Raia wengi wa Dola ya Kirumi hawakupata kumwona Kaizari ana kwa ana. Walimjua kupitia sarafu ya shaba waliyonunulia mkate: upande mmoja uso wake, upande wa pili picha aliyotaka waiamini. Sarafu za Constantine zinayasimulia maisha yake. Mahali pengine zinayaficha.

Constantine alizaliwa Naissus, katika Serbia ya leo, yapata mwaka wa 272. Babake, Constantius, alikuwa mwanajeshi aliyepanda cheo hadi akawa mtawala. Mamake, Helena, alikuwa mtu wa tabaka la chini. Baba alipofariki mjini York, Uingereza, mwaka wa 306, askari walimtangaza mwana kuwa Kaizari. Kuanzia mwaka wa 310 hivi, sarafu zake zilimwonyesha Sol, mungu wa jua, akiwa na taji la miale, mkono wa kuume ameuinua na wa kushoto ameshika tufe, ishara ya ulimwengu. Maana yake ilikuwa bayana: mamlaka ya Constantine yalitoka juu, si kwa watawala wenzake.

Mwaka wa 312 alimshinda Maxentius penye Daraja la Milvian, karibu na Roma, akamshukuru Mungu wa Wakristo kwa ushindi huo. Mwaka uliofuata, yeye na Licinius, mtawala wa mashariki, waliafikiana kuwapa watu wote uhuru wa kuabudu. Hata hivyo, Sol hakutoweka. Aliendelea kung'aa sarafuni kwa miaka kadhaa. Wapo wanaouona huu kuwa unafiki. Yamkini Constantine alitambua kwamba askari na raia wengi wangali wakiabudu miungu ya jadi, na kwamba picha iliyo mkononi mwa kila mtu haibadilishwi kwa papara.

Mwaka wa 324 alimshinda Licinius, akawa mtawala wa pekee. Miaka miwili baadaye aliamuru kuuawa kwa Crispus, mwanawe wa kwanza, aliyeongoza manowari katika vita hivyo. Sarafu zenye uso wa Crispus zikakoma kutolewa. Hakuna picha iliyoeleza sababu.

Mnamo 327, Constantinople ilitoa sarafu ndogo ya shaba yenye bendera ya kivita iliyomchoma joka. Juu ya bendera palikuwa na herufi mbili za kwanza za jina la Kristo kwa Kigiriki. Wengi humfasiri joka huyo kuwa Licinius.

Constantine alibatizwa karibu na kufa kwake, mwaka wa 337. Wanawe walitoa sarafu inayomwonyesha akipaa katika gari la farasi wanne, huku mkono ukinyooshwa kutoka mbinguni kumpokea. Gari hilo lilikuwa la Sol. Mkono, Wakristo waliuona kuwa wa Mungu wao.

Basi anayesoma ishara na asome picha, lakini asilisahau pengo alipokuwa Crispus.